GB 24 ndani ya mashine ya GB 4

Simu iliingia saa nne na robo asubuhi, tarehe 31. Mhasibu wa SACCOS tuliyokuwa tunaihudumia hakuwa na muda wa salamu. "Mwanangu, mfumo umeganda. Nina wanachama kumi na wanane kwenye benchi, makarani wamekaa wanatazama vioo, na ile ripoti ya kufunga mwezi imekataa mara ya tatu." Nikamwambia, "Shikamoo mama, nipe dakika tano." Zikawa siku tisa.

Ofisi yetu wakati huo ilikuwa chumba kimoja Sinza, juu ya duka la vifaa vya umeme. Tulikuwa tumeandika mfumo wa akiba na mikopo kwa Python, data zikikaa kwenye hifadhidata ya PostgreSQL, na vyote viwili vikiishi kwenye seva moja ya kukodi yenye Linux: memori GB 4, prosesa mbili. Nilikuwa na mwaka wa pili kazini. Nilijua kuandika programu. Kuzipima nilidhani najua.

Niliingia kwenye seva, nikaandika amri ya ps, inayoorodhesha michakato, yaani programu zinazoendelea kufanya kazi, na kuipanga kwa memori, mikubwa juu. Kioo kizima kikajaa neno moja: postgres, postgres, postgres. Michakato arobaini, mmoja kwa kila muunganisho wa mfumo, na kwenye RSS, safu ya memori, kila mmoja ulionyesha kama MB 600. Nikajumlisha safu yote kwa amri ya awk. Jumla ikatoka GB 24.

Niliandika barua pepe kwa bosi papo hapo: hifadhidata inakula memori GB 24, tunahitaji seva ya GB 32, na tunaihitaji leo. Nilikuwa na namba, na mtu mwenye namba husikilizwa. Bosi alishaanza kuomba bei ya seva mpya, kodi ya kulipwa kwa dola kila mwezi na wateja wale wale wenye akiba za elfu kumi kumi.

Aliyetuzuia ni dada mmoja wa Tanga, fundi aliyetutangulia kazini kwa miaka mingi, aliyekuwa anakuja ofisini siku mbili kwa wiki. Aliisoma barua yangu akiwa amesimama, mkoba bado begani.

"Mdogo wangu, mashine hii ina memori kiasi gani?"

"GB 4, dada."

"Na humo ndani umepata GB 24?"

Sikuwa na jibu. Kisichoeleweka kwangu hadi leo ni jinsi nilivyoandika namba hizo mbili kwenye barua moja, mistari miwili tu ikizitenga, na jicho lisigutuke. Tangu siku hiyo, kabla ya kuamini kipimo chochote, nakilinganisha kwanza na ukubwa wa chombo kinachopimwa.

Akavuta kiti. Maelezo aliyonipa nimeyarudia kwa vijana wengi baada yake, na sijapata yaliyo bora. Chukua nyumba ya kupanga ya uswahilini, alisema. Vyumba sita, ua mmoja wa kupikia na kufulia, choo kimoja, simtanki moja. Mwulize kila mpangaji anatumia eneo kiasi gani. Kila mmoja atataja chumba chake, kisha atautaja na ua, kwa sababu kweli anautumia. Hakuna aliyesema uongo. Lakini ukijumlisha majibu sita, ua umeuhesabu mara sita, na nyumba imekuwa kubwa kuliko kiwanja.

Hiyo ndiyo RSS. Inataja kila ukurasa wa memori, yaani kipande chake kidogo, ambao mchakato umeugusa na bado upo kwenye RAM, wa kwake peke yake na wa kuchangia, bila kutenganisha. PostgreSQL ina ua mkubwa kwa makusudi: eneo la pamoja linaloitwa shared_buffers, ambako vipande vya data vilivyosomwa karibuni hukaa ili michakato yote ivitumie. Sisi tulikuwa tumelipangia GB 1, robo ya memori yote, kama inavyoshauriwa mara nyingi. Kila mchakato kati ya ile arobaini ulikuwa umepita kwenye zaidi ya nusu ya ua huo, ukajiandikia. Ndiyo maana pia muunganisho mpya huonekana mdogo asubuhi na kunenepa kadiri siku inavyokwenda, mtu akadhani memori inavuja. Haivuji. Mpangaji mpya anaufahamu ua kidogo kidogo.

Kipimo kinachogawa ua kwa wapangaji kinaitwa PSS. Ukurasa unaotumiwa na michakato arobaini unahesabiwa moja ya arobaini kwa kila mmoja, kwa hiyo ukijumlisha unapata nyumba yenyewe. Linux inaionyesha kwenye faili la smaps ndani ya /proc, folda ambamo kerneli, yaani kiini cha Linux, huonyesha hali ya kila mchakato, na tangu kerneli 4.14 ya mwaka 2017 kuna smaps_rollup, faili dogo lenye jumla ya mchakato mzima. Ukijumlisha mistari yake ya Private_Clean na Private_Dirty unapata chumba cha mpangaji peke yake, yaani nafasi itakayorudi akihama leo. Ipo pia safu ya VSZ inayowatisha wengi. Hiyo ni ramani ya nyumba iliyochorwa na fundi, pamoja na vyumba ambavyo tofali lake la kwanza halijawekwa.

Tulijumlisha PSS za michakato yote arobaini. GB 1.3.

Bosi alisimamisha ombi la bei. Lakini mfumo uliganda kweli, na wale watu kumi na wanane walikaa kweli kwenye benchi. Sasa tulijua tu nani hakufanya hivyo.

Kwenye logi ya ripoti, faili la kumbukumbu za matukio yake, kulikuwa na neno moja la mwisho, Killed, na chini yake hakuna kitu. Python ikifa kwa kosa lake huacha maelezo marefu ya mstari gani na kwa nini. Hapa haikupewa nafasi ya kusema. Dada akaniambia nifungue dmesg, ujumbe wa kerneli yenyewe, na pale palikuwa na kumbukumbu tatu za asubuhi ile, kila moja ikianza na Out of memory: Killed process, ikifuatiwa na namba ya mchakato na jina python3. Memori ikiisha kabisa, kerneli huchagua mchakato wa kuua ili mashine isife yote, na kwa kawaida huchagua ule ulioshika memori nyingi kuliko yote. Ilikuwa imeichagua ripoti mara tatu.

Hapo nikajitetea. Nilikuwa na skripti inayoandika matokeo ya free, amri ya kuonyesha memori ya mashine nzima, kila dakika tano, na nilimwonyesha mchoro wake: mstari umetulia, matumizi chini ya nusu ya mashine, mwezi mzima, pamoja na asubuhi ile. Aliutazama akasema taratibu, "Unapima mvua kwa kuchungulia dirishani kila baada ya dakika tano. Manyunyu yaliyopita katikati yake hukuyaona." Ripoti ilikuwa inapanda na kuuawa ndani ya dakika mbili. Kwa bahati mbaya majaribio yote matatu yaliangukia kati ya chungulio na chungulio.

Kwa memori, kinachoua ni kilele. Wastani wa mwezi hauna msaada wowote kwa mchakato uliohitaji GB nyingi kwa sekunde ishirini tu. Na kilele hakihitaji kuviziwa kwa kuchungulia haraka zaidi, kwa sababu kerneli inakiandika yenyewe. Ndani ya faili la status la kila mchakato kwenye /proc kuna mstari wa VmHWM, alama ya juu kabisa iliyowahi kufikiwa na RSS, kama ile alama ya tope ukutani inayobaki baada ya Mto Msimbazi kufurika. Tatizo lake ni kwamba mchakato ukifa faili linaondoka naye. Kwa kazi inayoanza na kuisha, kama ripoti, dawa ni programu ya time, ile iliyoko /usr/bin/time, ukiipa alama ya -v. Usiichanganye na time ya ndani ya bash, programu inayopokea amri zako, ambayo hutoa muda tu. Kwenye mashine nyingi ile ya /usr/bin haipo mpaka uisakinishe. Yenyewe huianzisha kazi yako, huisubiri ife, kisha huiomba kerneli hesabu ya marehemu.

Tulinakili data kwenye kompyuta yangu ya mezani yenye GB 16, tukaficha majina ya wanachama, tukaiendesha ripoti chini ya time. Nakumbuka mistari ile kana kwamba iko mbele yangu. Maximum resident set size: kilobaiti 2,731,000. Hizo ni GB 2.6. Muda wa saa ya ukutani dakika 1 na sekunde 52, muda wa prosesa kwenye programu yenyewe sekunde 38, ndani ya kerneli sekunde 4.

Hesabu ikafunga. Hifadhidata GB 1.3, mfumo wa makarani kama MB 300, ripoti GB 2.6: hapo umeshapita GB 4, na kerneli yenyewe bado hujaiwekea sahani. Seva ile haikuwa na swapu ya kukimbilia, yaani sehemu ya diski inayosaidia memori ikijaa.

Kwa nini makarani nao waliganda? Hapa nilijifunza jambo ambalo naona watu wengi bado wanalikosea. Memori inayoonekana kwenye safu ya buff/cache ya free haijakaa bure, na pia haijapotea. Linux huweka humo nakala za mafaili yaliyosomwa, ili yakihitajika tena diski isiguswe, na huiachia haraka mtu mwingine akiihitaji. Ndiyo maana safu ya kutazama ni available, ambayo kerneli huikadiria yenyewe tangu toleo 3.14 la mwaka 2014. Safu ya free inamtisha kila mgeni kwa sababu karibu siku zote ni ndogo. Lakini "huiachia haraka" ina gharama. Ripoti ilipopanda, nakala zote zilitupwa nje, hata kurasa za programu zenyewe, na kila swali dogo la karani kuhusu salio la mwanachama likalazimika kwenda diski. Wastani wa mzigo (load average) ulifika 9 kwenye mashine ya prosesa mbili, ilhali prosesa zenyewe hazikuwa na kazi kubwa. Kwenye Linux wastani huo hujumlisha na michakato iliyosimama ikisubiri diski, ile yenye herufi D kwenye ps. Mtu akiusoma kama kipimo cha prosesa peke yake ataenda kununua prosesa.

Ripoti ilikuwa nimeiandika mimi. Ilisoma miamala yote ya mwaka, milioni mbili na ushee, ikaiweka yote kwenye orodha moja, ndipo ianze kujumlisha. Jedwali lile kwenye diski halikuzidi MB 300, na hapo ndipo nilipojipa moyo nilipokuwa naandika. Sikujua kwamba namba nzima ambayo hifadhidata huihifadhi kwa baiti 4 au 8, Python ya biti 64 huipa baiti 28 au zaidi, na tarehe yenye saa huipa 48, na kamusi (dict) inayobeba kila muamala huja na uzito wake mbali. Tena niliijaribu kwa miamala mia tano ya kubuni, kwenye kompyuta yenye memori mara nne ya ile ya seva. Hakuna namna ambayo ingeshindwa pale.

Marekebisho yangu ya kwanza yalikuwa ya haraka: kufuta orodha mara tu jumla zinapopatikana. Kilele hakikusogea hata kidogo, maana kilele kilishapita kabla ya kufuta. RSS baada ya kufuta nayo ilishuka kidogo tu. Vipande vilivyoachiwa na Python mara nyingi hubaki mkononi mwa mchakato, tayari kwa kazi inayofuata, bila kurudishwa kwa kerneli. Nilipoteza siku nzima nikitafuta uvujaji ambao haukuwepo. Nilijaribu na tracemalloc, chombo cha Python kinachoonyesha kila mstari umeomba memori kiasi gani. Kilinisaidia kuuona mstari wenye kosa, lakini chenyewe kiliifanya ripoti iwe nzito na ndefu zaidi, kwa hiyo namba za jumla nilizopata nikiwa nimekiwasha sikuzichanganya na za time.

Dawa yenyewe ilikuwa mistari michache. Tulitumia kishale (cursor) cha upande wa seva, kinacholeta miamala 1,000 kwa mkupuo. Kila mkupuo ukishajumlishwa unaachwa, na kinachobaki ni kamusi ndogo ya jumla za kila mwanachama. Nikaiendesha tena chini ya time, dada akiwa nyuma ya kiti changu. Kilele: MB 84. Kutoka 2.6 za GB. Hakusema neno, alinipiga begani akaenda kuchemsha chai.

Hakuridhika kuishia hapo, na alikuwa sahihi. Tuliiweka ripoti chini ya kikomo cha systemd, msimamizi wa huduma kwenye Linux, MemoryMax ya MB 500, ili siku nyingine mtu akiikosea ife peke yake kabla haijawafikia makarani. Swapu ya GB 1 nayo tuliiongeza, ndogo kwa makusudi.

Baada ya memori nilidhani prosesa itakuwa nyepesi. Miezi kadhaa baadaye mteja mwingine akalalamika kuwa kila kitu kimekuwa kizito ghafla. Niliendesha ps, nikatazama safu ya %CPU, na mchakato wetu wa kutuma SMS ulionyesha 0.0. Nikauvuka. Saa nzima nilitafuta kwenye hifadhidata na kwenye mtandao, kumbe ni yeye, amenasa kwenye mzunguko usioisha na kuishika prosesa moja yote. Kilichonipoteza ni maana ya safu ile. %CPU ya ps ni muda wa prosesa uliotumika tangu mchakato uzaliwe, ukigawanywa kwa umri wake. Mchakato ule ulikuwa na siku 20, yaani sekunde 1,728,000, karibu zote akiwa amelala. Nilipoutazama mara ya kwanza ulikuwa umehangaika dakika kumi tu, sekunde 600. Gawanya: asilimia 0.03. Amri ya top, ambayo hulinganisha hali ya sasa na ya sekunde chache zilizopita, ilikuwa inaonyesha 99 muda wote huo. Mstari wa kwanza wa amri ya vmstat nao una tabia hiyo hiyo, ni wastani tangu mashine iwashwe. Mimi huuruka na kuanza kusoma wa pili.

Vijana huniuliza pia kwa nini top inaonyesha asilimia 180. Ni asilimia ya prosesa moja. Mchakato wenye nyuzi (threads) kadhaa kwenye prosesa mbili unaweza kufika 200. Na kwenye seva ya kukodi nawaambia watazame ile namba ndogo ya st mwishoni mwa mstari wa prosesa: muda ambao mashine yako ilikuwa na kazi lakini mashine mama ilikuwa inawahudumia wapangaji wengine. Hiyo ikipanda, hakuna utakachorekebisha ndani ya programu yako.

Ile ripoti ya SACCOS bado inafanya kazi. Mstari wake wa mwisho siku hizi huiuliza kerneli kilele chake kwa getrusage na kukiandika kwenye logi, pamoja na tarehe. Kijana wetu mmoja aliwahi kuiendesha kwenye Mac yake akanijia mbio kwamba kilele kimefika milioni 88. Pale macOS hutoa jibu kwa baiti, Linux hulitoa kwa kilobaiti, na tangu hapo kipimo kinaandikwa pembeni ya namba. Miezi mingi logi imeandika 84, 84, 85, 84. Mwezi uliopita iliandika 93. Niliisoma mara mbili, nikampigia mhasibu.

"Shikamoo mama. Kuna kitu kimebadilika huko kwenu mwezi huu?"

"Marahaba mwanangu. Si tumeungana na chama kingine! Wanachama karibu elfu nne wameingia kwa mpigo. Wewe umejuaje, mbona hatujatangaza?"